Shangazi Anajibu: Huruma ya serikali au karatasi za mwenza?

Barua za wasomaji wetu walioko Kanada. Majina hatuyachapishi, na barua ndefu tumezipunguza.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Scarborough. Niliingia Kanada mwaka 2018 kwa viza ya matembezi pamoja na binti yangu mkubwa, wakati huo ana miaka mitano. Viza ikaisha, tukabaki. Wa pili nimemzalia hapa hapa, ana miaka mitatu na pasipoti yake ya Kanada. Nasafisha ofisi usiku, nalipwa keshi. Sijawahi kushikwa wala kuomba ukimbizi, maana kwetu Kenya hakuna aliyenifukuza. Nilikuja kutafuta maisha.

Juzi harusini kuna konsaltanti wa uhamiaji alituambia kwamba mama mwenye mtoto raia akiomba PR, ukaazi wa kudumu, kwa njia ya huruma, ile H&C, anapata kwa asilimia mia. Anataka dola 6,000, nusu kwanza. Anasema nikishawasilisha hakuna wa kunigusa, na kibali cha kazi kitakuja baada ya miezi michache.

Upande wa pili yuko baba wa huyu mdogo. Ni Mtanzania, alipata PR mwaka 2016 kwa kudhaminiwa na mke wake wa kwanza. Walitengana 2020, talaka bado haijatoka. Mimi naye tunaishi nyumba moja tangu 2021. Anasema yuko tayari kunidhamini. Lakini Shangazi, naogopa. Siku tukikorofishana si atanishikia karatasi? Bora H&C, hiyo ni yangu mwenyewe. Nifuate ipi?
*Mama Wawili, Scarborough*

Marahaba mwanangu. Hiyo nusu ya kwanza hujaitoa bado, sivyo? Basi ikae hapo ilipo.

Nimekaa miaka mingi kwenye kiti cha mkalimani katika kliniki za sheria mjini Toronto, katikati ya wakili na mteja, na maneno ya huyo bwana nimeyasikia kwa akina mama wengi, wengine wakiwa tayari na barua ya kukataliwa mkononi. Tuyatazame.

Kwamba hakuna wa kukugusa, si kweli. Ombi la H&C likiwa mezani halizuii amri ya kukuondoa nchini. CBSA, watu wa mipaka, wakiwa na amri hiyo wanaweza kukupandisha ndege huku faili lako linangoja zamu. Tena fomu zenyewe zinataka anwani yako, kazi zako na maisha yako yote tangu uingie. Serikali iliyokuwa haikujui sasa inakujua, na kinga hujapata. Kibali cha kazi nacho hakiji mpaka ombi lipite hatua ya kwanza, na hatua hiyo ya kwanza ndiyo inayokula miaka. Hilo la asilimia mia nalipita.

Miaka mingapi? Mpango wa uhamiaji uliotangazwa Oktoba 2024 uliweka nafasi 10,000 za H&C na makundi madogo yanayohesabiwa pamoja nayo kwa mwaka 2025, zikashuka hadi 6,900 kwa 2026 na 4,300 kwa 2027. Nafasi zinapunguzwa na waombaji hawapungui, foleni itakwenda wapi? Mwaka 2025 tovuti ya IRCC yenyewe, idara ya uhamiaji, ilifika mahali pa kuandika kwamba ombi la namna hii linachukua zaidi ya miaka kumi. Binti yako atakuwa mtu mzima. Na jua kwamba ada ya serikali, kwa viwango vya Aprili 2024, ilikuwa dola 635 za kushughulikia ombi na 575 za haki ya ukaazi, na mtoto dola 175. Hizo 6,000 ni za mfuko wake.

Sasa nikueleze H&C ni kitu gani hasa, maana watu wetu wameifanya mlango wa kwanza wa kubisha. Kifungu cha 25 cha sheria ya uhamiaji kinampa waziri uwezo wa kumsamehe mtu masharti ambayo hakuyatimiza, ikiwa hali yake inastahili huruma. Hudai haki pale, unaomba usamehewe. Afisa anasoma karatasi ofisini kwake, mara nyingi bila hata kukuona uso, kisha anapima: umejijenga kiasi gani hapa, una uhusiano gani na watu wa hapa, ukirudi utakutana na nini, na watoto itakuwaje. Akikataa, huna rufaa. Una siku 15 tu za kuomba ruhusa ya Mahakama ya Shirikisho iangalie kama alikosea. Mahakama ikikubali kwamba alikosea, faili linarudi kwa afisa mwingine, aanze upya.

Hilo la mtoto raia limetoka mahali. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu Kabisa ya Kanada iliamua kesi ya Mavis Baker, mama Mjamaika aliyeingia 1981 kama mgeni, akafanya kazi za nyumbani kwa watu miaka kumi na moja, akazaa watoto wanne hapa. Maisha yake na yako yanafanana, nakubali. Mahakama ilisema afisa lazima ayaangalie maslahi ya watoto kwa makini, kwa kuyajali kweli. Lakini ilisema pia kwamba maslahi hayo si lazima yashinde kila kitu kingine. Wala haikumpa ukaazi siku ile, iliagiza ombi lake lisikilizwe upya. Mwaka 2015, katika kesi ya Kanthasamy, kijana Mtamil kutoka Sri Lanka, mahakama hiyo hiyo iliwakataza maafisa kugeuza maneno ya miongozo yao kuhusu taabu isiyo ya kawaida kuwa kizingiti, ikawataka watazame hali nzima ya mtu. Kesi hizi mbili zimewasaidia wengi. Hakuna hata moja inayosema mtoto raia ni tiketi, na mtu anayekuuzia maneno hayo kwa dola 6,000 anajua hivyo.

Haya, tuje kwa baba wa mtoto, maana hapo ndipo ulipo mlango wako na unaupita.

Mtu asiye na makaratasi anaweza kudhaminiwa na mwenza wake akiwa humu humu nchini. Tangu Februari 2005 kuna sera inayosamehe kosa la kukaa au kufanya kazi bila kibali kwa wenza wa raia na wa wenye PR, ikiwa wanaishi pamoja na uhusiano ni wa kweli. Talaka isikutishe. Mtu ambaye bado ana ndoa kwenye karatasi anaweza kuhesabiwa mwenza wako, ilimradi ile ndoa imevunjika kweli na ninyi mmeishi pamoja mwaka mzima au zaidi kama mke na mume. Nyinyi mmeshavuka huo mwaka zamani. Mtalazimika kuonyesha ni lini walitengana, kwa hiyo barua, mkataba wa pango alipohamia, chochote chenye tarehe ya 2020, kitafuteni sasa.

Kuna mambo matatu ya kumuuliza huyo bwana leo jioni, na umtazame usoni anapojibu. Aliyedhaminiwa na mke hawezi kudhamini mwenza mwingine mpaka ipite miaka mitano tangu apate PR. Yeye aliipata 2016, hivyo muda huo umekwisha, lakini ione tarehe kwa macho yako kwenye karatasi yake ya kuthibitisha ukaazi. Je, kuna amri ya mahakama ya kulipa matunzo kwa mke wa kwanza au watoto, na je, analipa? Mwenye deni la matunzo hakubaliwi kudhamini. Je, anapokea msaada wa serikali wa kujikimu? Kama si kwa sababu ya ulemavu, huo nao unamzuia. Kiwango cha mshahara hakiulizwi kwa kudhamini mwenza, watu hujisumbua bure na hilo.

Ada zote kwa pamoja zilikuwa dola 1,205 kwa viwango hivyo hivyo vya 2024, ongeza 85 za alama za vidole na ada ya mtoto. Kusubiri kupo, miaka miwili au zaidi, na kwa sababu huna hadhi sasa hivi, kibali cha kazi utakipata ukishapita hatua ya kwanza. Rufaa pia hakuna kwa ombi la ndani ya nchi. Sikwambii ni njia ya asali. Nakwambia pale kuna masharti yaliyoandikwa, ukiyatimiza unajua umeyatimiza, huku H&C unategemea moyo wa afisa aliyelala vizuri.

Binti yako mkubwa muandike kwenye ombi hilo hilo. Usimwache ati utamshughulikia baadaye, kwa sababu mtoto asiyetajwa anaweza kufungiwa mlango wa kudhaminiwa siku za mbele. Baba yake aliye Kenya ataombwa kuandika kwamba anaridhia, na hapo nimeona faili nyingi zikikwama. Baba amepotea, au amekasirika, au anataka apewe kitu kwanza. Anza kumtafuta sasa, kwa upole, kabla hujamhitaji. Kama hapatikani kabisa, weka kila ujumbe uliomtumia, wakili atautumia kuonyesha ulijaribu.

Sasa hofu yako. Sitakwambia ni ya kijinga, kwa sababu nimekaa na wanawake waliotishwa kwa maneno hayo hayo, "nitaipigia simu uhamiaji." Ukweli ni huu: kabla PR haijatoka, mdhamini anaweza kujitoa, na ombi linakufa. PR ikishatoka ni yako. Lile sharti la zamani la kuishi na mdhamini miaka miwili baada ya kupata PR lilifutwa Aprili 2017. Yeye ndiye anayebaki amefungwa, kwa miaka mitatu ana wajibu wa kukugharimia hata kama mmeachana. Kwa hiyo kipindi cha kuogopa ni kile cha kusubiri. Na ikitokea akaanza kukupiga au kukutesa kipindi hicho, tangu Julai 2019 kuna kibali maalumu cha muda kwa wanaofanyiwa ukatili nyumbani, bila ada, na ombi la H&C la mtu wa hali hiyo linaweza kuharakishwa. Hapo ndipo H&C inapokuwa na maana kwako. Iweke akiba.

Kwa sababu ni akiba, ikusanyie ushahidi kuanzia leo. Barua za shule za binti, ripoti zake, mwalimu anayemjua aandike. Hizi unazo, maana sheria ya elimu ya Ontario inakataza shule kumkataa mtoto kwa sababu mzazi hana makaratasi. Msikiti au kanisa lako, kikundi cha akina mama, risiti za pango. Kodi pia: asiye na SIN, ile namba ya kazi na kodi, anaweza kuomba namba nyingine ya kodi kwa CRA, mamlaka ya kodi, na kuwasilisha mapato yake. Maafisa huuliza mbona umekaa miaka yote hii na hujalipa kodi hata mara moja, na "nilikuwa nalipwa keshi" si jibu linalokusaidia. Zungumza na wakili kabla ya kufanya hilo, ajue unaingia vipi. Vitu hivi havipotei bure, vingi vyake vitaingia pia kwenye faili la mwenza kuonyesha mnaishi pamoja.

Kitu kimoja zaidi na sitakuficha. Yote haya yanasimama ikiwa huyu ni mtu wako kweli. Kama mnakaa nyumba moja kwa ajili ya pango tu, na uhusiano ulikwisha zamani, usijaze hizo fomu. Udanganyifu unafungia mtu miaka mitano, na mtoto raia hatakuokoa. Katika hali hiyo, ndiyo, H&C ndiyo iliyobaki, na tungezungumza mengine.

Nenda kliniki ya sheria ya mtaani kwako, ushauri wa kwanza haulipiwi. Ukitaka wa kulipwa, awe wakili, au paralegali mwenye leseni ya Ontario, au konsaltanti ambaye jina lake limo kwenye daftari la College of Immigration and Citizenship Consultants, liko wazi kwenye intaneti. Muulize huyo wa harusini namba yake ya leseni. Uone atakavyokumbuka ghafla kwamba ana mgeni anamsubiri.

Shangazi, salamu kutoka Edmonton. Mimi ni Mkongomani wa Bukavu. Niliomba hifadhi, tume ikakataa, rufaa ikakataliwa miezi minane iliyopita. Kabla ya kuja nilikuwa mhasibu miaka minne, mpaka 2021, na Kifaransa changu ni kizuri. Hapa nimefanya kazi ghalani kwa kibali cha mwombaji hifadhi. Marafiki wanasema nitume H&C wiki hii hii kabla sijarudishwa. Wengine wanasema Express Entry ya Kifaransa, ule mfumo wa pointi wa kuwachagua wafanyakazi wenye ujuzi. Nifanye nini?
*Kijana wa Bukavu*

Mwanangu, vuta pumzi kwanza. Wiki hii hii ukituma, itarudishwa. Aliyekataliwa ukimbizi hawezi kuomba H&C mpaka ipite miezi 12. Hesabu inaanza tangu uamuzi wa mwisho. Kama baada ya rufaa hukwenda kokote, unahesabu tangu siku ya rufaa. Kama ulikwenda Mahakama ya Shirikisho, unahesabu tangu siku mahakama ilipokukatalia, na hilo marafiki zako hawalijui. Wanaosamehewa kungoja ni wenye ugonjwa wa kutishia maisha ambao kwao hautibiki, na wale ambao mtoto ataumia wakiondolewa. Hukutaja mtoto wala ugonjwa.

Lakini hofu ya kurudishwa unaibeba nzito kuliko ilivyo. Kanada ilisimamisha kuwarudisha watu Kongo tangu 1997, na zuio hilo limeendelea, isipokuwa kwa wenye makosa ya jinai na wachache wengine. Afghanistan na Iraki ziko kwenye kundi hilo hilo. Wenzetu wa Burundi wana zuio la namna nyingine, la muda, lakini nao kwa kawaida hawarudishwi. Mtu ambaye amri yake haiwezi kutekelezwa na hana njia nyingine ya kujikimu anaweza kuomba kibali cha kazi. Chako kikikaribia kuisha, ombi liwe limeshaingia.

Miezi hii minne iliyobaki usiipoteze. Kwamba ulikaa hapa bila uwezo wa kurudi, na katika muda huo ukajijenga, ni jambo ambalo afisa wa H&C anatakiwa kulipima, na Mkongomani ana hoja hiyo kuliko Mkenya au Mtanzania. Ila usirudie hadithi ya ukimbizi neno kwa neno. Afisa wa H&C haruhusiwi kuamua tena kama wewe ni mkimbizi. Anaangalia taabu: vita vya Kivu vinamaanisha nini kwa mhasibu wa miaka yako, kazi iko wapi, familia iko wapi. Matukio ni yale yale, swali ni jingine, na wakili mzuri ataliandika hivyo.

Waliokutajia Express Entry usiwacheke. Mwaka 2025 mwaliko wa Machi kwa wasemaji wa Kifaransa ulishuka hadi pointi 379, wakati wenye uzoefu wa kazi wa Kanada walikuwa wanahitaji zaidi ya 500. Kazi ya ghalani haikusaidii kwenye kundi la uzoefu wa Kanada, kwa sababu wanataka uwe ulifanya kazi ukiwa na hadhi ya mkaazi wa muda, na mwombaji hifadhi hana hadhi hiyo. Uhasibu wa Bukavu ndio mali yako: kundi la wafanyakazi wenye ujuzi linatambua uzoefu wa ng'ambo wa miaka kumi iliyopita, na mwaka mmoja mfululizo unatosha kuingia. Fanya mtihani wa Kifaransa, TEF au TCF, peleka shahada yako ikalinganishwe. Hivyo viwili huhitaji ruhusa ya mtu. Kutuma ombi lenyewe ukiwa na amri ya kuondoka juu ya jina lako ni kazi ya wakili, usijaribu peke yako usiku kwenye simu.

Na ukisikia mtu anakwambia ufungue upya dai la ukimbizi kwa jina jingine, funga mlango.

Shangazi mpenzi, niko Hamilton, nimetuma H&C mwezi jana na nina mimba ya miezi minne. Je, sasa nitapata kadi ya OHIP, bima ya afya ya Ontario?
*Mjamzito*

Hongera mwanangu. Hapana, si kwa kutuma tu. Kadi unaiomba IRCC ikishathibitisha kwamba umepita hatua ya kwanza. Ule mpango wa Ontario wa kuwalipia hospitali wasio na bima ulifungwa mwisho wa Machi 2023, hivyo usiende ukidhani bado upo. Fanya hivi: tafuta kituo cha afya cha jamii, hivyo hupokea wasio na kadi. Na wapigie wakunga wenye leseni, maana huduma yao Ontario inalipiwa na serikali hata kwa mkaazi asiye na OHIP. Waambie mapema huna kadi, wakueleze gharama za hospitali siku ya kujifungua na namna ya kuzipanga kwa awamu. Nafasi zao hujaa haraka na wewe umeshafika mwezi wa nne, kwa hiyo piga kesho asubuhi. Mtoto akizaliwa hapa atapata kadi yake mwenyewe, hata kama wewe bado huna.